Bima ya Mbwa Wako, Espérance

Espérance, mdogo wangu,

Kampuni ya bima ya mbwa iliendelea kukuandikia hata baada ya sisi kukuzika. Walikuandikia kwamba malipo yako ya mwezi hayajaingia. Wakakuandikia tena, kwa adabu sana, kwamba ukizidi kuchelewa bima itakatika. Mwisho wakakuandikia kwamba imekatika, na kwamba wamesikitika kukupoteza. Hilo ndilo neno walilotumia, kukupoteza. Mwanao Didier alinisomea kwenye simu.

Naanza na habari hii kwa sababu ndiyo iliyonishughulisha mwaka mzima, na sina mtu wa kumsimulia mpaka mwisho. Kanisani nikianza wananisikiliza kidogo, halafu mmoja ananiuliza, "Dada Tabitha, yaani yote haya ni kwa ajili ya mbwa?" Wewe najua hutaniuliza hivyo.

Ulianguka kazini, asubuhi, kwenye korido ya ile nyumba ya wazee, trei ya chai ikiwa mkononi. Nimeambiwa na yule mama Mfilipino wa zamu yako. Anasema uliiweka trei chini kwanza, taratibu, ndipo ukakaa sakafuni kando yake. Hospitali wakasema ni mshipa wa kichwani uliopasuka. Nilipofika mashine ilikuwa inakupumulia. Nikakushika mkono, kucha zako zikiwa bado na ile rangi nyekundu tuliyopakana Jumapili. Niliongea na wewe sana. Sijui kama ulisikia. Nilikuwa naongea habari za ovyo, bei ya ndizi, lifti yetu iliyoharibika tena. Didier akafika kutoka Winnipeg siku ya pili, akasimama mlangoni bila kuvua koti, na kesho yake ukatutoka.

Na nyumbani kwako Biskuti alikuwa peke yake.

Ufunguo wako nilikuwa nao, lakini unanijua mimi na mbwa. Tangu yule mbwa wa jirani kule Tukuyu aliponing'ata nikiwa mtoto, nikimwona mbwa navuka barabara. Kila nilipokuja kwako ulikuwa unamfungia chumbani kwanza, kisha unafungua mlango na kuniambia, "Yaya, ingia. Mufungwa iko gerezani." Na mimi naingia nimeshika mkoba kifuani, nikimsikia anavyokwaruza mlango wa chumba.

Yaya. Siku ya kwanza uliponiita hivyo, kwenye lifti ya jengo letu la Crescent Town, hapa Toronto, nilinuna. Kwetu Tanzania yaya ni msichana wa kulea watoto wa watu. Nikajiuliza, huyu Mkongo kaniona nani? Nilikaa na kinyongo mpaka siku uliponieleza kwamba kwenu Uvira yaya ni dada mkubwa, ukacheka mpaka ukaegemea ukuta. Tangu siku hiyo sikutaka uniite jina jingine.

Na Biskuti hakuwa wako tangu mwanzo. Alikuwa wa yule mzee wa Agincourt uliyekuwa unakwenda kumwogesha na kumpikia. Mzee alipohamishiwa mahali pasipopokea wanyama, watoto wake wakaanza kutazamana, na wewe ukarudi na mbwa. Ulinigongea umeshika kamba, theluji imekujaa kwenye kilemba, ukasema kabla sijafungua vizuri, "Yaya, usikasirike. Huyu hana muntu."

Ukamkatia bima wiki hiyohiyo. Nilikucheka. Nilikuambia kwetu mbwa akiumia anajilamba mpaka anapona. Ukanijibu, "Huku mbwa akigonjwa bila assurance, utauza kitanda." Na ukawa unalipa kila mwezi, hata ile miezi uliyokuwa unanikopa unga. Nasema hivyo si kwa kukusimanga. Nasema ili ikumbukwe kwamba ulilipa.

Januari alianza kuchechemea, mguu wa nyuma wa kulia. Ulimpeleka kwa daktari wa wanyama pale Danforth, akampiga picha ya goti, akakuambia kano imekatika na itabidi apasuliwe, ila kwanza apunguzwe mwili kidogo. Ulirudi umebeba mfuko wa chakula maalumu, ukaniambia mbwa sasa anakula kwa mpango kuliko wewe. Upasuaji ulipangwa majira ya kuchipua. Ulishaomba likizo kazini ili ukae naye.

Yote hayo unayajua. Sasa nikuambie usiyoyajua.

Didier alishughulika kama mtu anayezima moto. Jeneza, kanisa, makaburi, kufunga akaunti ya benki na laini ya simu, ufunguo wa nyumba kwa mwenye jengo. Wanakwaya wako walikuimbia mpaka sauti zikakauka, na yeye alikuwa nje anaongea na watu wa maua. Wengine walimsema. Mimi nilimwona mikono. Alikuwa anashika karatasi kwa nguvu mpaka zinakunjamana.

Aliwapigia hata watu wa bima ya mbwa. Alikuwa kwenye dirisha la jikoni kwangu, na nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia kwa Kiingereza kwamba mama yake amefariki. Mtu wa upande wa pili akampa pole, akasema watatuma fomu za kubadilisha jina la mwenye mbwa. Fomu walizituma kweli. Walizituma kwenye barua pepe yako, ambayo hakuna aliyeifungua.

Kuhusu Biskuti mwenyewe, Didier alisema kuna nyumba ya wanyama wasio na wenyewe, angempeleka kabla ya safari. Alisema bila ubaya, kama mtu anayesema atapeleka nguo zako kwenye duka la mitumba. Mbwa alikuwa amelala mbele ya mlango wako, pua kwenye ule upenyo wa chini, anasubiri viatu vyako. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mwache. Atakaa kwangu." Didier akanitazama. Alijua ninavyoogopa, ulishamsimulia.

Wiki za kwanza tuliishi kama wapangaji wawili wasiosalimiana. Nilikuwa nasukuma bakuli lake kwa fagio. Yeye hakunibwekea wala hakunijali. Alijilaza mlangoni kwangu kama alivyolala mlangoni kwako, na kila lifti ilipofunguka huko nje alinyanyua kichwa, kisha akakirudisha chini. Nilikuwa nikikaa kwenye kochi na kumtazama. Nilikuwa namwonea wivu kidogo, Espérance. Yeye alikuwa hajui, bado anasubiri.

Kumtoa nje ilibidi, kwa hiyo nilimtoa, mimi mbele na yeye mwisho wa kamba, mbali iwezekanavyo. Mpaka asubuhi moja pale darajani kuelekea stesheni. Barafu ilikuwa imeyeyuka ikaganda tena, na lile goti likamtoka kabisa. Alianguka kwa ubavu, akalia kilio ambacho sikujua mbwa wanacho. Watu walikuwa wanawahi treni, wakatupita kushoto na kulia. Nikapiga magoti, nikapitisha mikono chini ya tumbo lake, nikambeba. Ni mzito, hata baada ya mpango wako wa chakula. Aliniwekea kichwa begani, na tulipofika ndani na kumshusha ndipo nilipokumbuka kwamba naogopa mbwa.

Daktari akasema hakuna kusubiri tena. Nikamwambia ana bima. Namba ilikuwa kwenye ile kadi uliyoibandika kwenye friji, niliyoihamishia kwangu pamoja na sumaku yake. Hapa unalipa kwanza mwenyewe, kisha bima wanakurudishia. Nilichukua nauli yangu ya kwenda Mbeya. Unajua nimeisubiri kiasi gani, na unajua mama yangu ana umri gani sasa. Lakini sikuwa na wasiwasi. Nilijua itarudi.

Jibu lao lilikuja likiwa fupi. Hawatalipa. Bima ilikatika kabla ya siku ya upasuaji, kwa sababu mwenye bima aliacha kulipa.

Nikapiga simu. Nilikuwa napiga wakati wa mapumziko yangu pale dobi ya hospitali, nimesimama kati ya matoroli ya mashuka, kidole kwenye sikio la pili kwa ajili ya mashine. Kila mara ni mtu mpya, na kila mtu mpya anaanza upya. Wanaomba kuzungumza na mwenye bima. Nasema amefariki. Wananipa pole, kisha wananiuliza mimi ni nani kwake. Nasema rafiki. Wanasema wanasikitika, rafiki hayumo kwenye faili, hawaruhusiwi kuzungumza na mimi.

Mmoja nilimwambia mimi ni jirani. Mwingine nikamwambia tulikuwa tunasali pamoja. Mwingine nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Walinisikiliza wote kwa upole, na wote walinirudisha palepale. Nilirudi kwenye mashine zangu nikikunja mashuka na kujiuliza kama kweli kuna jina la kile nilichokuwa kwako ambalo watu wa bima wanalijua.

Na kitu kingine. Kwa Kiingereza nililisema lile neno la kufa mara nyingi mpaka mdomo ukalizoea. She died, she died, kama mtu anayetaja anwani yake. Kwa Kiswahili nilikuwa sijalisema hata mara moja. Kwa Kiswahili nilikuwa nasema hayupo.

Walikuwa wanamtaka mtu wa familia, maana yake Didier. Nikampigia, hakupokea. Nikampigia tena Jumapili, saa ambayo ulikuwa unampigia wewe; simu iliita mpaka ikakatika. Kisha akaniandikia kwa Kiingereza, maneno machache: Aunty, achana nayo, ni mbwa tu.

Nilikasirika. Nilikaa kitandani nikamwachia ujumbe wa sauti. Nilikuwa nimepanga kumweleza habari ya nauli, lakini nauli haikutoka. Nilimwambia hivi: "Didier, hawa watu wameandika kwenye karatasi zao kwamba mama yako aliacha kulipa. Mama yako hakuacha kulipa. Mama yako alifanya kazi za watu wawili ili asiache kulipa. Mama yako amekufa, Didier. Ndiyo maana malipo hayakuingia. Amekufa. Nataka waandike hivyo."

Nilipomaliza nikabaki nimeshika simu. Biskuti alikuwa sakafuni, goti limefungwa bendeji, lile koni la plastiki la kumzuia kulamba kidonda limemzunguka shingo. Nikashuka nikakaa naye chini na nikalia kilio ambacho sikulia makaburini. Makaburini nilikuwa nahesabu viti, natafuta nani hajapata chai.

Didier alipiga jioni ileile. Aliongea Kiingereza na mimi Kiswahili, kama ilivyokuwa kwenu siku zote, kila mtu kwenye njia yake na bado mnasikilizana. Mwanzoni aliuliza habari ya mbwa. Kisha akaniambia mambo yaliyotokea kati yenu, mwaka ule alipoacha chuo na kuhama. Upande wako niliujua. Sasa nimeusikia na wake, na sitaurudia hapa, maana nadhani wewe uliujua pia. Nakuambia hili tu: alikuwa ametunza ujumbe wako wote wa simu, hata ule wa kumwambia avae soksi mbili. Alikuwa anaogopa kunipokea mimi kwa sababu sauti yangu, anasema, inatua katikati ya maneno kama yako.

Tukapanga tuwapigie pamoja, yeye Winnipeg, mimi Toronto, na mtu wa kampuni katikati. Niliomba ruhusa kazini, nikavaa vizuri, sijui kwa nini, hakuna aliyekuwa ananiona. Aliyepokea alikuwa mwanamke, sauti ya mtu mzima. Alimwuliza Didier jina, tarehe yako ya kuzaliwa, na uhusiano wake na marehemu. Didier akasema, mtoto wake. Alisema vizuri. Kisha yule mama akauliza, na huyu mwingine tuliye naye kwenye simu ni nani?

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema rafiki. Didier akaniwahi. Akasema kwa Kiingereza, "Ni dada mkubwa wa mama yangu." Kisha akaongea na mimi, kwa kile Kiswahili chake cha utotoni, cha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambacho nilidhani kimeshakufa kinywani mwake: "Mama mukubwa, sema wewe."

Basi nikasema. Kiingereza changu unakijua, ni cha dobi na cha kituo cha basi, lakini siku hiyo kilinitosha. Nilimwambia: mtoto wake aliwaambia kwamba amekufa. Mlimpa pole. Mnasema simu zenu zote zinarekodiwa, basi sikilizeni hiyo. Baada ya hapo kila barua mliyoandika mlimwandikia mtu mliyejua amekufa. Mlimpa muda wa kulipa, lakini muda huo mlimpa maiti. Mngeniandikia mimi ningelipa. Mngemwandikia mtoto wake angelipa. Na goti hili halikuanza baada ya kifo. Lilianza yeye akiwa hai, analipa, daktari akaliona na kulipiga picha. Nikamwambia nataka vitu viwili. Nataka mtazame upya kuhusu pesa. Na mkitaka msitoe pesa, lakini faili lake mlibadilishe. Msiandike aliacha kulipa. Andikeni alifariki.

Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi. Hakunikatiza. Mwishoni akaomba nimtamkie jina lako, nikamtamkia, akalirudia lote bila kulivunja, Espérance. Akasema yeye hana mamlaka ya kuamua, lakini amelipeleka kwa wenye kuamua kama nilivyolisema.

Tulisubiri muda mrefu. Jibu la kwanza lilikuwa bado ni hapana, kwa lugha ndefu zaidi. Walikiri simu ya Didier waliipokea. Walikiri barua zilikwenda pasipostahili. Ila mkataba, walisema, unalipia matibabu yaliyofanyika bima ikiwa hai, na upasuaji haukuwa ndani ya muda huo. Walikubali kurudisha gharama ya ile picha ya Januari, ambayo hukuwahi kuidai. Na wakamkaribisha Biskuti kuanza bima mpya, isipokuwa goti. Didier alisoma hapo akacheka vibaya.

Nilitaka kuacha. Sasa yeye ndiye alikataa. Aliwaandikia kwamba tunalipeleka shauri kwenye ofisi ya nje inayosikiliza malalamiko ya watu wa bima, na akalieleza kwa utaratibu kuliko nilivyolisema mimi. Alinitumia kwanza nisome. Mwanzo wa barua alikuwa ameandika mstari mmoja kukuhusu: kazi uliyofanya, na kwamba ulimchukua mbwa wa mzee mgonjwa asiye na pa kumwacha. Nikamwambia hilo halihusiani na madai. Akasema, "I know," na akaliacha lilivyo.

Watu wa bima wakaturudia wenyewe kabla shauri halijafika huko. Watalipa nusu ya upasuaji, na shauri liishe. Didier alitaka tugombanie iliyobaki. Nikamwuliza, na faili? Akasoma chini zaidi. Walikuwa wameandika kwamba kumbukumbu zao zimerekebishwa: bima ilikoma kwa sababu ya kifo cha mwenye bima, na hakuna malipo yoyote aliyoacha kulipa katika uhai wake.

Nikamwambia, mwanangu, saini.

Najua wengine wataona nilikubali kidogo. Pengine. Lakini nililala siku hiyo. Hukuwa mtu wa kuacha mambo ya watu njiani, na sikutaka mahali popote hapa duniani, hata kwenye kompyuta ya watu wasiokujua, paandikwe vingine.

Didier alikuja majani yalipoanza kubadilika rangi. Aliendesha gari siku mbili. Jiwe lako lilikuwa limeshawekwa, na alitaka kuliona. Tulikwenda pamoja, mimi, yeye na Biskuti, na tukang'oa magugu ambayo hayakuwa mengi, ili tu mikono iwe na kazi. Jina lako wameliandika sawasawa, na alama yake juu ya herufi. Didier alipitisha kidole kwenye ile alama.

Alikaa kwangu siku kadhaa. Alilala kwenye kochi, miguu nje. Siku ya kwanza Biskuti alimnusa viatu kwa muda mrefu sana, kisha akajilaza juu yake mwili mzima, kama gunia, na yule mtoto wako, mtu mzima mwenye ndevu, akabaki sakafuni hawezi kunyanyuka. Asubuhi walikuwa wanashuka wote bondeni, kwenye kile kijito nyuma ya majengo, na nikiwatazama kutoka dirishani nilikuwa naona jinsi Didier anavyotembea. Anatembea kama wewe, bega la kushoto mbele.

Siku ya mwisho akanisaidia kuosha vyombo. Akasema, akitazama sinki, "Mama mukubwa, naweza kumuchukua?"

Espérance, sikutaka. Nikuambie ukweli. Nilikuwa nimeshazoea kupumua kwake ndani ya nyumba. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba akilala hukimbia ndotoni, miguu yote minne. Nikitoka kazini nilikuwa na mtu. Nilifungua maji nikaosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi, nikaosha tena. Na nikawaza, huyu kijana amekuja na gari siku mbili, alipoondoka hapa Februari hakuwa amechukua kitu chako hata kimoja, hata kitambaa. Hiki ndicho anachokiomba.

Nikamwambia amchukue. Nikamwelekeza kila kitu: chakula kiasi gani, ule mguu usiruke ngazi, baridi ikizidi, bendeji ya joto. Nikamwambia pia aongee naye Kiswahili, na kiwe chako. Njo, kaa, tulia muzuri. Kiingereza anakijua, ila hakitii. Didier akacheka, cheko lako kabisa, la kuegemea ukuta. Akajaribu: "Biskuti, njo." Na Biskuti akanyanyuka akamfuata mpaka kwenye gari. Alipanda, akatazama nje. Mimi nilisimama kwenye maegesho na kapu la nguo ambalo sikujua nimelibeba kwa nini.

Nyumba ilikuwa kubwa jioni ile. Niliosha bakuli lake, nikalikausha, sikulitoa.

Nitakwenda Mbeya Desemba. Nauli imetimia, Didier aliongezea, nikakataa, akakatisha simu na pesa zikaingia. Nimeshamwambia mama. Anauliza kama bado wewe ni jirani yangu. Anasahau siku hizi. Nitamweleza nikifika, ana kwa ana, na nitalitumia lile neno, kwa Kinyakyusa safari hii.

Juzi Didier alinipigia saa ambayo si ya kawaida yake. Nikashtuka. Alikuwa nje, upepo unapiga kwenye simu, anahema. Anasema walikuwa uwanjani, Biskuti akaona sungura, na kamba ikamponyoka mkononi. Akadhani goti limekwisha. Lakini mbwa alikimbia, Espérance, miguu yote minne chini, bila kuchechemea, mpaka mwisho wa uwanja na kurudi. Sungura hakumpata. Didier alikuwa anacheka, kisha sauti ikabadilika, akasema kwa Kiswahili, "Mama angelifurahi." Nikamwambia angefurahi sana. Tukakaa hivyo kwenye simu, mimi nasikia upepo wa huko na mbwa anavyohema.

Nimeona nikuambie hilo. Goti limepona.

Sasa pumzika, mdogo wangu. Usimhangaikie mtoto. Nitapokea simu yake saa yoyote atakayopiga, na akiwa hana la kusema nitakaa naye hivyohivyo. Nikirudi kutoka Mbeya nitapanda basi niende Winnipeg, nimwone anaishi vipi, nimpikie sombe, kisamvu cha kwenu, kama ulivyonifundisha, nione kama kweli anavaa soksi mbili. Watu wananiambia baridi ya kule si kama ya Toronto, nisubiri kiangazi. Sitasubiri. Nitakwenda Januari hiyohiyo.

Ni mimi,
Tabitha